Waliosimama Siku Ile

Mchungaji alisoma tangazo la ndoa kwa mara ya tatu na ya mwisho: Mzee Mbijiwe, mfadhili wa kanisa, na binti Kagendo. "Mwenye kujua kizuizi chochote aseme sasa," akamalizia, huku akifungua kitabu cha nyimbo, maana katika kanisa lile hakuna aliyewahi kusema.

Ciambaka akasimama. Jumapili mbili alikuwa amesubiri wazee wa kanisa waseme. Leo amechoka kusubiri.

"Mama Murithi, keti," mumewe akamnong'oneza, akimvuta kitenge. "Baba yake amekubali."

"Yeye amekubali. Mimi sijakubali."

Mchungaji akavua miwani. "Wewe ni nani wake, mama?"

Ciambaka akanyoosha kidole kwenye beseni la ubatizo, lile la shaba lililobonyea ukingoni. "Alipobatizwa hapo, angali mchanga, ulituuliza kama tutamlea pamoja na wazazi wake. Tulisimama, tukaitikia kwa sauti moja. Ana miaka kumi na minne, mchungaji. Hatujamaliza kumlea."

Mzee Mbijiwe akakohoa. Kagendo, kwenye benchi la mbele, alikuwa ameinamia viatu vyake vipya.

"Waliosimama siku ile," Ciambaka akasema bila kupaza sauti, "wasimame tena."

Hakuna aliyetikisika. Naye hakuketi.

Kisha, huko nyuma kabisa, benchi kuukuu likalia, kama liliavyo mtu mzito anapoinuka. Kagendo akageuza shingo kutazama ni nani.