Kivuli cha Saa Tisa

Kwenye kompyuta, Siwema alikamilisha picha ya jengo la ghorofa kumi na mbili ambalo lilikuwa bado halijajengwa. Aliweka jua pale linapokuwa saa tisa alasiri. Kivuli cha jengo kikaangukia nyumba za nyuma, kikaufunika ua wa mama yake wote, ukuta hadi ukuta.

"Kitoe hicho kivuli," alisema Bwana Mkonga, mkuu wa ofisi. "Picha imekuwa nzito."

"Ndivyo kitakavyokuwa, bosi."

"Wenye jengo wanataka kuona jua."

Akakifuta. Hakuhisi kitu. Picha ikapendeza.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameanika muhogo kwenye mkeka, katikati ya ua. Akaushika mkeka pembeni, akaanza kuuburuta.

"We Siwema, hata shikamoo hakuna? Muhogo wangu unaupeleka wapi, na jua liko hapa?"

"Liko, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Akauburuta mpaka ukagota ukutani. Hata hapo, kwenye ile picha, kivuli kilikuwa kimefika. Akabaki amesimama, pembe ya mkeka mkononi.

Mama yake akaja, akashika pembe ya pili.

"Haya, tuupeleke wapi?"