Piza ya Mwezi Bila Ajali

Lurleen aliuficha mkono wa kulia ndani ya aproni, akausukuma mlango wa kantini kwa nyonga. Kiganja kilikuwa kimevimba tangu Jumanne, kisu kilipoteleza kwenye paja la kuku, na sasa kidole gumba hakisikii kitu. Alitaka daktari. Aliowaogopa ni wenzake.

Kiwandani kwao, huko Arkansas, mwezi ukiisha bila mtu kuripoti kuumia, meneja anainunulia zamu nzima piza. Akiripoti mmoja tu, wote wanakosa, na huyo mmoja atanuniwa mpaka Krismasi. Nani anataka balaa hilo?

Akakaa, akachukua kipande kwa mkono wa kushoto, macho kwenye sahani.

"Dada, hebu nifungulie soda hii," Dewey, jirani yake kwenye mkanda wa kukatia kuku, akamwambia.

"Fungua mwenyewe, mvivu we."

Dewey akampa aliyekaa upande wake wa pili. Chupa ikazunguka meza nzima, ikamrudia vilevile na kifuniko chake.

Bwana Pruitt, meneja, akapanda juu ya kiti. "Huu ni mwezi wa sita mfululizo, hajaumia hata mmoja! Jipigieni makofi."

Makofi yakawa hafifu, ya kugusanisha vidole tu. Pruitt akadhani ni shibe.

"Sasa nasikia mnanong'ona habari za chama cha wafanyakazi. Jamani, kiwanda cha jirani walijiunga, na ripoti za majeruhi zikapanda mara tatu. Chama kinaumiza watu, hamwoni? Haya, tusifichane. Anayekitaka anyooshe mkono wa kulia juu kabisa, kama anaapa mahakamani."

Lurleen akajaribu. Mkono ukagomea kifuani, maumivu yakamtoa machozi. Akatazama huku na huku, hakuna aliyenyoosha.

"Mmeona?" Pruitt akacheka. "Tumemalizana. Kuleni."

Hapo hasira zikampanda Lurleen. Piza gani hii ya kumnyima mtu kidole chake?

"Bosi," akasema, "wa kushoto unahesabika?"

"Hata wa kushoto, mama. Nyoosha tukuone, uko peke yako."

Akanyoosha, piza ingali mkononi.

Meza nzima ikamfuata, mikono ya kushoto yote juu, kila mmoja na kipande chake cha piza, na Dewey na soda yake ambayo bado haijafunguliwa.