Wali wa Siku ya Kumi

Kunguru walikuwa kumi na mmoja juu ya paa la makuti, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kula wali.

Pundalik akarudi nyuma hatua tatu, labda wanamwogopa. Wapi. Tonge likabaki juu ya jani la mgomba, pale mchangani mbele ya vibanda ambavyo familia ilikuwa ikipangisha watalii. Ilikuwa siku ya kumi tangu baba yake, mzee Jaganath, apotelee baharini. Maiti haikuonekana, wakachoma sanamu ya majani badala yake. Leo, kwa mila yao ya Kihindu, marehemu alitakiwa aje kwa umbo la kunguru, aonje wali, ajiendee zake kwa amani. Asipoonja, ana jambo moyoni.

Kuhani akamwambia aahidi.

Pundalik akaahidi. Mama atatunzwa. Dada ataolewa pazuri. Mnazi wa mzee hautaguswa. Kunguru mmoja akajikuna chini ya bawa, basi.

Baba yake mdogo, Vasant, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda, karatasi za mauzo ya ufukwe wa familia mapajani. Mwenye hoteli aliyetaka kuununua alikuwa anangoja sahihi yake, na Vasant alishasema hasaini kitu mpaka kunguru ale. Kugombana na kaka aliyekufa, yeye hawezi.

"Hujaahidi lile moja, mwanangu," akasema. "Sema huuzi ufukwe, uone kama hawatapigania hilo tonge."

Pundalik akalisogeza tu jani la wali karibu zaidi na paa.

Mama akaenda mwenyewe, akapiga magoti. Akawaita kunguru kwa jina la mumewe, jina ambalo kwa miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kulitamka. Akawabembeleza kama mtoto mgonjwa anayekataa uji. Hawakushuka.

Jua likafika utosini. Kuhani akachoka, akasokota kunguru wa nyasi, akamgusisha wali. Kidini inatosha.

"Hata kufa kwake ni ukaidi tu," Vasant akanung'unika. Lakini mila imeshatimia, angefanyaje. Akasaini.

Watu wakaanza kula. Pundalik akalizoa lile tonge akalitia kwenye sahani, akamwagia dengu. Mama akamuuliza anampelekea nani. Akasema ni yule mgeni wa kibanda cha nyuma ya mwamba, mmoja wa wale wanaokuja kukaa kimya bila kuonana na mtu. Mama akasema amwongezee na achari, maskini, siku zote hizo peke yake.

Nyuma ya mwamba, Pundalik aliweka sahani chini, akafungua kufuli, akamtoa mgeni kitambaa mdomoni.

"Kula, Baba," akasema. "Kunguru wamekataa."