Mlezi Mpya wa Kobe

Tangu tumzike mama, hakuna aliyethubutu kumlisha yule kobe wa maji, wa mwisho wa aina yake. Sheria tuliijua sote: atakayemlisha kwanza baada ya mlezi kufa ndiye mlezi mpya, naye haondoki tena kando ya ziwa hili.

Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Mchumba wangu alikuwa ananisubiri Eldoret.

Kobe alikwaruza kwa kucha karai lake, lililofungwa taa na mashine ya kumtambua mlezi, akanyamaza, akakwaruza tena. Mama alipenda kutuambia kwamba ukoo wa kobe huyo ulikuwepo tangu Afrika na Amerika Kusini zikiwa bado nchi kavu moja. Zilipoachana, ndugu walibaki huku na huku, wakiendelea kukunja shingo ubavuni vilevile.

"Usimtazame, Nakiru," kaka yangu Ekal alisema. "Gari linakuja."

"Utamlisha wewe?"

Akasogea mbali na karai.

Nilimega samaki, nikamtumbukizia. Taa ya karai ikawaka kijani, na sauti ya upole ya mashine ikataja jina langu, kama ilivyokuwa ikitaja la mama kila asubuhi.

 Kaka alinyanyua sanduku langu, akalipeleka chumbani kwa mama.