Mabati ya Mtani

Vedasto ndiye aliyewashikia ngazi.

Mafundi wawili walikuwa juu wanang'oa misumari ya paa lake. Yeye alikuwa chini, ngazi ameibana kwa goti, anawasimamia. "Taratibu na hilo la pembeni, msilikunje! Mtani wangu asije akasema nimempa bati bovu."

Watu wa Mwandiga waliokusanyika barabarani walicheka. Aliyewaleta mafundi, Bwana Gasper, mhasibu wa shirika, hakucheka. Alisimama kando ya lori na karatasi yake, akihesabu kila bati lililoshuka.

"Mnamwona?" Vedasto aliwaambia watu. "Mnyamwezi akikutania, hata jino halionekani."

Paa lilikuwa na miaka miwili tu. Vedasto alikuwa mtunza ghala wa shirika hilohilo, lililogawa chakula kwa wakimbizi. Alikopa kwa mwajiri wake mabati arobaini, deni likawa linakatwa kwenye mshahara. Kisha Warundi wakaanza kurudi kwao. Malori yalipita yamejaa magodoro, mbuzi na masufuria, na kila msafara ulioondoka uliondoka na kazi za watu. Ya Vedasto iliondoka mwezi wa sita. Deni lilikuwa limebaki nusu.

Wiki mbili baadaye Bwana Gasper alifika nyumbani kwake. Alikuwa mgeni Kigoma, ameletwa kufunga hesabu. Waliomwona stesheni akishuka kwenye treni iliyotoka Tabora, dumu la asali mkononi, walimjua papo hapo: Mnyamwezi. Na Mnyamwezi kwa Muha ni mtani. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kukunyang'anya kuku ukiwa umemshika, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

"Ndugu Vedasto," alisema, "usipolipa nitakuja kuezua nyumba."

Vedasto alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu, mtani! Na mke wangu umchukue, anakoroma!"

"Mke hayumo kwenye mkataba," Gasper akajibu.

Hapo hata Honorata, mkewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa na wasiwasi, alicheka kidogo.

Gasper akaondoka na baiskeli ya Vedasto, kama malipo ya kwanza.

Utani ni kujibizana. Kesho yake Vedasto aliingia ofisini kwake mjini, akamvua kofia kichwani, akarudi nayo Mwandiga ameivaa. Ijumaa barua ikafika: deni lililobaki, toa baiskeli, jumlisha kofia.

Aliisoma kwa sauti dukani kwa Hamdani, muuza mawese. Hamdani ilibidi aweke dumu chini.

"Jumlisha kofia!" alisema akifuta machozi. "Vedasto, huyu umempata. Mimi Mnyamwezi wangu anajua kutukana tu."

Honorata aliichukua ile barua, akaitazama mbele na nyuma. "Baba Martini, utani hauna mhuri."

"Mnyamwezi atapiga mhuri hata kwenye muhogo."

"Tuna madumu sita ya mawese. Tuyauze, tulipe, tulale."

"Tumlipe? Mtani akikuchokoza ukamtolea pesa, umemwambia kwamba humtaki. Utamtazama vipi tena usoni?"

"Nitamtazama nikiwa chini ya bati," Honorata akasema.

Mawese yaliuzwa, lakini pesa yake ilinunua beberu. Barua ya mwisho ilikuwa imetaja siku, Jumamosi, saa tatu asubuhi, na Vedasto alisema mtu anayesafirisha lori na mafundi kwa ajili ya mchezo hawezi kuachwa aondoke na njaa. Aliwaalika majirani. Alimwalika hata shemeji yake wa Kidahwe, aliyekuja na wanawe wote.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo paa lilikuwa linashuka huku beberu anachemka. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa. Honorata peke yake hakukaa na wageni. Alitoa nje kitanda, kabati, magunia ya mahindi, akavifunika turubai, akakaza kamba pande zote nne.

"Unanitia aibu, mama," Vedasto alimnong'oneza. "Watadhani hujui utani."

Honorata akakaza kamba ya mwisho.

Bati la arobaini lilipoingia lorini, chakula kikaandaliwa. Gasper alipewa sahani ya kwanza, ugali na nyama ya paja. Aliitazama, akauliza bei. Shemeji wa Kidahwe akapaliwa na mchuzi kwa kicheko, ikabidi apigwe mgongoni.

Gasper alikula amesimama, akanawa, akapanda mbele karibu na dereva. Lori likawashwa.

Vedasto alisogea mlangoni mwa lori, akainua mikono miwili ili kila mtu amwone. "Haya, mtani, umenishinda! Nakiri mbele ya kijiji kizima. Katika watani wote niliowahi kuwaona, wewe ni mfalme. Sasa waambie vijana washushe, mvua inakuja."

Watu wakapiga makofi. Mafundi wakamtazama Gasper. Tone la kwanza likaanguka juu ya turubai, kisha la pili.

Gasper alichungulia dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu afike Kigoma, alionekana kama mtu anayeona haya.

"Ndugu Vedasto, samahani, hili nimekuwa nikitaka kuliuliza siku nyingi. Huku kwenu kila mgeni anaitwa mtani? Maana mimi ni Mchaga. Kwetu ni Rombo."