Utepe Mpya

Nilimkuta Fiachra zizini, anachechemea nyuma ya ng'ombe, gongo lake la mpira wa magongo mkononi. Daktari alikuwa amemwambia goti halitacheza tena, na chama chetu cha wachezaji kilinituma nimuulize tumsaidie nini.

"Masomo? Kazi?" nikamuuliza.

"Kazi si hii? Tangu lini mtu akalipwa Ireland hii kwa kucheza magongo, bwana wee?" Akacheka. "Mimi nimeshasahau. Magongo yote mama kayatia kwenye jiko, tumeota moto. Limebaki hili la kuswagia ng'ombe."

Ng'ombe mmoja akageukia lango lililo wazi.

"Mzuie huyo!" Akanirushia gongo.

Nikalidaka. Ubapa wake ulikuwa umepasuka, umegandwa na samadi. Lakini mpini ulikuwa umezungushiwa utepe mpya, umekazwa vilevile tunavyoukaza asubuhi ya fainali, na gundi yake bado ilinata vidoleni.

Ng'ombe akanipita, akatokomea barabarani. Hakuna aliyemfuata.

Fiachra alikuwa ameona ninachokitazama. Akanyoosha mkono, nikamrudishia gongo lake. Akalishika kwa mikono miwili.

"Mechi ya Jumapili," akasema, macho kwenye lango, "nani anasimama mahali pangu?"