Komeo la Mlango wa Uani

Felista, mwalimu aliyepanga chumba kwa wiki moja huko mtaa wa Ufukoni, hakutaka kuwa mzigo. Usiku alikuta mlango wa uani haujatiwa komeo, akalitia.

Asubuhi mama mwenye nyumba alikuwa amechuchumaa nje, akipapasa unyayo mchangani. Haukuwa na kidole gumba. Nyayo zilifika mlangoni, zikageuka.

"We mwalimu, nani katia komeo?"

"Mimi, mama. Ulisahau."

"Sikusahau. Tangu mume wangu, mwenye unyayo huu, avuke Ruvuma kwenda vitani, mlango huu haufungwi. Nilimwambia akiukuta umefungwa, ajue nimeolewa."

Felista alizifuata nyayo mbio, peku, mpaka barabarani. Hapo zilikuwa zimechanganyika na za watu waendao sokoni Chikongola.